Mpaka Uliosingiziwa Jua

Wiki ile jua lilipolipuka, kaka yangu alinipigia simu kutoka Muleba. Alikuwa ameona kwenye simu picha za anga jekundu huko Ulaya. Mimi nafundisha jiografia Bukoba, na nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kwamba jua hurusha wingu kubwa la chembe zenye umeme, nalo huja na sumaku yake. Likifika hapa baada ya siku chache hutikisa sumaku ya dunia na kuvuruga anga la juu, hata mawimbi ya setilaiti yakapotoka.

"Kwa hiyo vipimo vya ardhi navyo vinakosea?" aliuliza.

"Vinaweza," nikamjibu.

Sikujua kwamba mpima ardhi alikuwa anakuja kupima kibanja, shamba la migomba na mibuni tuliloachiwa na baba, nusu ya kaka, nusu yangu.

Nilipokwenda Muleba, nilikuta mawe mapya ya mpaka yameingia upande wangu. Mibuni aliyopanda mama sasa ilikuwa upande wa kaka.

"Ni jua, mdogo wangu," alisema kwa upole. "Si ulinieleza mwenyewe?"

Niliamini. Baba mdogo alipokuja juu, mimi ndiye niliyemtuliza, nikarudia somo lote mbele ya ukoo kama niko darasani. Kaka alitikisa kichwa kukubali.

Usiku sikulala vizuri. Kosa la dhoruba ya jua huyumba huku na huku. Hili lilikuwa limenyooka kama kamba, likaelekea upande mmoja tu. Asubuhi nilitembea mpakani. Milamula, mimea tunayopanda kuweka mipaka, ilikuwa imesimama sambamba na mawe mapya, majani yamenyauka, udongo shinani bado laini. Jua halihamishi mimea.

Nikampigia mpima ardhi. "Mwalimu, mimi nilisubiri mpaka dhoruba ya jua ikatulia," alisema. "Nilipima pale kaka yako aliponionyesha."

Nilimkuta kaka akimenya ndizi. Nikamwambia nilichoona. Hakukana.

"Wewe una mshahara," alisema. "Mimi nina shamba tu."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

Nisingekataa, na nadhani alijua.

Baba mdogo alisimamia milamula kurudishwa, na mawe yakang'olewa. Siku ile wifi aliniandalia chakula. Nilimshukuru, nikapanda gari kurudi kwangu Bukoba bila kula. Kwetu kuacha chakula cha ndugu ni neno zito, kama kumkana, naye alilielewa. Alinisindikiza hadi barabarani akilia. Kaka alibaki ndani.