Nguzo za Goli Zilizochipua

Enzi zetu, msichana akipita njiani na gongo begani, wazee walimsimamisha wamuulize ng'ombe wake wamepotelea wapi. Nami nilijibu kwa adabu, nimekunja goti na kutia neno letu la heshima la Kihaya, kama tulivyofundishwa: "Sina ng'ombe, waitu. Nakwenda kucheza mpira wa magongo." Mzee aliliangalia gongo, akaniangalia mimi, kisha akauliza swali la pili: "Baba yako anajua?"

Ninyi mliozaliwa miaka michache kabla ya Uhuru mtanielewa. Hawa wa siku hizi, wanaocheza mpira kwa vidole gumba wakiwa wamelala kwenye kochi, sina hakika. Lakini nao wasome, maana tuliyoyafanya kijijini kwetu Muleba hayafai kufa pamoja nasi.

Mchezo wenyewe niliupata shule ya masista, Bukoba mjini. Sista mmoja wa Kizungu alileta sanduku la magongo yaliyokwisha kuchoka kwao, akalipandisha vazi lake la kitawa na kulifunga kiunoni kwa kamba, akaanza kukimbia mbele yetu huku shela ikipepea. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Haikupita muda tukaacha kucheka, kwa sababu hakuna aliyeweza kumpata. Wa kwanza kumnyang'anya mpira nilikuwa mimi. Sijisifu, waulizeni waliokuwepo. Nilicheza kiungo wa kati, na mpira ukinifikia ulijua umefika nyumbani.

Rafiki yangu wa ubavuni alikuwa Zuhura wa Hamugembe, mtaa wa palepale mjini. Babu yake alikuja kutoka Pwani akafungua duka la vitambaa, na mjukuu akakulia kati ya migomba kama sisi. Kiswahili changu hiki mnachokisifu nilikiokota kwake. Yeye kwangu aliokota Kihaya cha kununulia ndizi bila kuibiwa.

Likizo ilipofika nilirudi kijijini, upande wa Rubya, na Zuhura mara nyingi alinifuata kwa siku kadhaa. Mpaka leo nikifumba macho naipata harufu ya nyumba yetu: majani mabichi aliyotandika mae, mama yangu, sakafuni alfajiri, moshi wa kuni, kahawa iliyoanikwa uani kwenye mikeka na kuku wakifukuzwa tangu asubuhi mpaka jioni. Ndizi tulimenya ukungu ukiwa bado umelalia migomba, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu. Zikaiva na maharage, au na furu, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa, zikamwagwa juu ya jani la mgomba, na sote tukala tumelizunguka. Hakuna aliyesema hapendi maharage. Ungesema hivyo kwa nani?

Baba yangu, Ta Anselmi, alikuwa mkulima wa kahawa na balozi wa nyumba kumi. Alikuwa na misemo miwili kuhusu mchezo wangu. Wa kwanza: "Gongo halichemshi ndizi." Wa pili: "Anayekimbia bila kufukuzwa, mpelekeni kwa mganga." Hakuchoka kuirudia. Lakini siku ya kwanza Zuhura alipofika kwetu, tata, ndivyo tulivyomwita baba, alichukua kuku na kutembea naye mwenyewe mpaka kwa mwenye duka Mwislamu akachinjiwa huko, kabla mgeni hajasema neno. "Mgeni asile kwa wasiwasi," alisema, akamwekea mbele kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama anavyowekewa mtu mzima. Zuhura alitafuna moja, akakunja uso, akasema tamu. Tata alicheka wiki nzima.

Tulikuwa wasichana wa kutosha kupata timu mbili. Alikuwepo mdogo wangu Editha, mwenye mbio kuliko akili, na alikuwepo Leonida, binti wa mwenyekiti wa kijiji, aliyelinda goli kama anavyolinda mtu chungu cha nyama. Magongo tulikata kwenye matawi ya mpera yaliyopinda. Mpira ulikuwa fundo la mzizi, limechongwa na kusuguliwa kwa jiwe. Ukikugonga muundi wa mguu, unasali sala zote unazozijua na moja usiyoijua.

Tulichokosa ni uwanja. Nje ya vibanja, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, kuna rweya, ile nyika ya wazi, lakini majani yake yalitufika kiunoni. Hapo ndipo wazo langu lilipofanya kazi. Kila mama kijijini alihitaji majani ya kufunika kibanja ili migomba isikauke, na kila mama alichukia kwenda kuyakata. Nikapita nyumba kwa nyumba na wenzangu: "Mama, sisi tutakukatia." Tukakata, tukafunga mizigo, tukabeba kichwani, kibanja baada ya kibanja. Wazazi walitushangaa kwa bidii. Padri alitutaja kanisani. Hakuna aliyegundua kwamba majani yote yalikuwa yanakatwa mahali pamoja, penye usawa. Siku walipogundua, uwanja ulikuwa tayari.

Zikabaki nguzo za magoli. Tulisimamisha miti ya kwanza, mchwa wakaila. Tukasimamisha mingine, ikaliwa. Nikajiuliza ni mti gani mchwa wa rweya hawaugusi. Jibu lilikuwa mpakani mwa kila kibanja: mlamula. Kwa asiyetujua, mlamula ni mmea wa shina jembamba na majani marefu ambao Mhaya huupanda kati yake na jirani. Ukishaota pale umekata neno. Hata ndugu waliogombana hawaugusi. Mae alikuwa amepunguza matawi yake na kuyatupa. Tukachukua manne, tukayapukuchua majani, tukayachimbia, mawili huku na mawili kule.

Zuhura aliuliza, "Koku, huu si ule mnaouogopa?"

"Ule una majani," nikamjibu. "Huu ni fito."

Tukarudi shule, na mvua za Kagera mnazijua. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mtu mzima, nasubiri matokeo. Nikakimbilia rweyani hata kabla sijanywa maji. Nguzo zetu zote nne zilikuwa zimechipua, majani ya kijani yamesimama juu kama manyoya ya jogoo. Nilifurahi. Nikasema magoli yetu yamevaa kofia.

Hiyo ndiyo miaka ya ujamaa, na kijiji kilikuwa kinatafuta mahali pa shamba la pamoja la mihogo. Siku chache baadaye mwenyekiti alipita rweyani na bwana shamba, akaiona ile milamula. Akavuta mstari kwa macho, kutoka jozi moja hadi nyingine. Akaona kipande kirefu, safi, kimefyekwa vizuri, kimeanzia nyuma ya kibanja cha Ta Anselmi.

Mkutano uliitwa palepale uwanjani. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na sauti kubwa na kijiji kidogo.

"Nyarubanja tuliizika," alisema. Wengi pale walikuwa na wazazi walioonja mfumo huo, wakalima ardhi ya wakubwa na kuishi juu yake kama wapangaji. "Leo naona mtu anaifukua. Ta Anselmi, milamula hii ni ya nani?"

"Si yangu," alisema tata.

"Imejiotea? Miwili miwili, kama askari wa zamu?"

Watu wakacheka. Tata hakucheka. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili na kofia ameishika mkononi, naye sikuwahi kumwona akimvulia kofia mtu mdogo kuliko yeye. Nilijua kilichomngoja: kuvuliwa ubalozi, na jina la mnyang'anyi wa ardhi, ambalo kwetu linarithiwa na wajukuu.

Nikasimama. "Ni yetu, Ndugu Mwenyekiti. Tuliipanda sisi wasichana. Ni magoli."

"Toka lini binti akapanda mlamula?" Hiyo ilikuwa sauti ya Ta Rwiza, jirani yetu, mzee ambaye bila yeye hakuna mpaka uliosimikwa kijijini. "Na goli ni nini?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, hata nikachukua gongo nikaonyesha. Ta Rwiza alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mlamula ukishashika mizizi hauulizi mpandaji alikuwa na nia gani," alisema. "Aliyeupanda na aung'oe mbele ya majirani, aseme hakuwa na haki hapa. Baba yake atakuwa safi, na mihogo itapandwa."

Mwenyekiti akakubali. Kwa maneno mengine: uwanja au baba. Editha alianza kulia. Mimi sikulia. Nilienda kwenye goli, lile ambalo nililifunga mara nyingi kuliko mtu yeyote, nikaushika mlamula kwa mikono miwili na kuvuta. Ulikuwa umeshika kweli. Udongo ukaanza kupasuka miguuni pangu.

"Koku," alisema tata. "Acha."

Nikaacha.

Akaja mpaka niliposimama, akawageukia watu. "Akisema hakuwa na haki, atakuwa anadanganya ili aniokoe mimi. Sikumlea hivyo. Majani ya hapa nani aliyakata? Mengine yako kibanjani kwangu. Mengine kwako, Ta Rwiza, na ndizi zako mwaka huu umezisifu mwenyewe. Ndugu Mwenyekiti, na kwako."

"Hilo ni kweli," alisema mama Leonida kutoka nyuma.

"Mlamula wa mpaka," tata akaendelea, "hupandwa majirani wa pande zote mbili wakiwepo, wakashindilia udongo kwa miguu yao. Ndipo unakuwa halali. Hii haijashindiliwa na mtu mzima hata mmoja. Basi tuishindilie leo, kila nyumba. Ikishapita miguu ya wote, haitakuwa ya Anselmi wala ya Koku. Itakuwa ya watoto wa kijiji. Rweya ni kubwa. Mihogo na ianzie kule."

Akavua viatu vyake vya kanisani, akaviweka pembeni vizuri, akaanza kushindilia ule udongo niliokuwa nimeupasua.

Kisha Ta Rwiza akasogea na mkongojo wake. Alisimama mbele ya ule mlamula kama anayemsalimu mtu, akakanyaga. "Desturi haikusema majirani wawe wangapi," alisema, kama anayejijibu mwenyewe. Baada yake wakaja wengine, nguzo hadi nguzo, wanaume na, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye mpaka wowote, wanawake.

Akabaki mwenyekiti. Mkewe alimsukuma kwa kiwiko. "Baba Leonida, usisimame kama nguzo ya tano. Hilo goli analilinda binti yako."

Mwenyekiti akageuka. "Leonida?"

"Waitu," akaitika Leonida, anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Wanakufunga?"

"Mara chache, waitu. Koku tu."

Mwenyekiti alifikiri. "Huo nao ni ujamaa," alisema mwishowe, akaenda kukanyaga kwa nguvu kuliko wote.

Jumapili iliyofuata Zuhura alileta wasichana wa Hamugembe na Ijuganyondo, wamepanda lori la kahawa wakiimba njia nzima. Tuliwashinda, na goli la ushindi nilifunga mimi. Tata alikuwa amesimama nyuma ya lango, amevaa kofia yake. Usiku ule alitoa msemo mpya: "Gongo halichemshi ndizi, lakini nimeona linachemsha watu." Matokeo yalipotoka nami nikachaguliwa kwenda chuo mbali, aliuza kahawa yake bora, akanisindikiza mpaka melini Bukoba, mkononi amenibebea gongo la mpera. Alilibeba hadharani, mjini.

Nilisomea nini? Upimaji wa ardhi. Mwanamke wa kwanza kijijini kwetu kupata stashahada, na imetundikwa ukutani ikielekea mlango, mgeni aione kabla hajakaa. Nimepima mashamba na miji nchi hii, nimejijenga kwa mikono yangu, na nimerudi nyumbani bila kumwomba mtu nauli. Kazi yangu ya kwanza niliporudi, na sikumtoza mtu, ilikuwa kuupima uwanja ule. Nikasimika mawe ya mipaka ya saruji, yenye namba. Mpaka leo watu hawayatazami. Wanatazama milamula.

Tata, mae na Ta Rwiza wamelala kibanjani kwao. Zuhura tunapigiana simu, na bado ananisahihisha Kiswahili. Sasa wasichana wa hapa wanacheza kwa magongo niliyowanunulia dukani, mepesi kama kijiko. Wanavaa soksi zenye kinga ya muundi. Wanalalamika kuhusu vumbi na kuniuliza lini tutaweka nyasi za plastiki. Sisi tulizikata nyasi za kweli kwa mundu, tukazibeba kichwani, na hakuna aliyetupiga picha.

Lakini kuna jambo nimeliona, nami kama mpimaji sina budi kulisema. Milamula imenenepa. Nguzo zetu za vidole viwili sasa ni mashina ya kukumbatia, na kila mwaka goli linazidi kuwa jembamba. Jumapili iliyopita mjukuu wa Editha, aliyepewa jina langu, aliuchukua mpira katikati ya uwanja, akawapita wawili, akaupitisha katika ule mwanya uliobaki. Nilikuwa nimesimama nyuma ya lango, pale aliposimama tata.

Lango nililofungia mimi lilikuwa pana zaidi. Nilimwambia hivyo mwenyewe, mbele ya wenzake wote.