Moto wa Chini ya Sakafu

Ipo siku moja ya masika ambayo kila nikiikumbuka miguu yangu inataka kuinuka, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa hapa Tangini, Kibaha, ndoa haina hata mwaka, na sikuwa mtu wa kutulia. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa kwa miezi saba kwa sababu hata tumboni nilichoka kungoja. Nikipika wali, nafunua sufuria mpaka mvuke wote unakwisha. Usicheke, nawe umeirithi haraka hiyo.

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, Mungu amrehemu, alifuga kuku wa nyama. Vifaranga aliwapasha joto kwa majiko ya mkaa, kama wafugaji wengi wa hapa Kibaha. Siku moja ya bahati mbaya jiko likadondosha kaa kwenye maranda ya mbao yaliyotandikwa chini, banda likaungua na vifaranga wote. Mume wangu akamjengea banda jipya, lisilo na jiko ndani: fundi alilaza mabomba chini ya zege, nje akaweka boila ya kuni, yaani tangi la kuchemshia maji, maji ya moto yakawa yanazunguka chini ya sakafu na kurudi. Mama mkwe akaridhia, lakini akatuambia wazi kwamba kundi hili nalo likifa, anafunga banda na sote tunarudi kijijini Kurui, Kisarawe, kulima mihogo. Mimi nimekulia kwenye jembe, mwanangu. Sikutaka kurudi.

Vifaranga waliletwa asubuhi, mvua inanyesha, mume wangu yuko kazini. Boila tuliiwasha alfajiri, lakini tulipowamwaga kwenye maranda wakajikusanya pamoja, wanalia kwa baridi. Nikafukua maranda, nikaweka kiganja sakafuni: baridi. Nikatoka, nikaongeza kuni. Nikarudi, nikapima, bado. Nikaongeza tena. Nilizoea jiko la mkaa, ambalo ukilipepea joto linakuja hapo hapo, na likizidi unalitoa nje. Mama mkwe alikaa mlangoni kwenye kigoda chake, mikono mapajani, ananitazama tu. Utulivu wake uliniudhi.

"Rukia, mwanangu, zinatosha," akasema. "Joto liko njiani."

"Watakufa, mama!"

"Nimesema zinatosha."

Nikaitikia kwa mdomo. Alipokwenda kuswali adhuhuri, nikaishindilia boila kuni mpaka mlango wake ukagoma kufunga.

Joto likaja kweli. Vifaranga wakatawanyika, wakaanza kudonoa, nami nikajiona mjanja. Lakini halikuishia hapo. Kufika alasiri walikuwa wamebanana ukutani, mbawa wameziachia, midomo wazi, wanahema. Nikakimbia nje, nikachomoa kuni, nikatia maji ya baridi kwenye boila. Nikarudi, sakafu inazidi kupanda. Moto wote niliouchochea tangu asubuhi ulikuwa mle chini, unakuja kidogo kidogo, na sikuwa na pa kuushika. Nilichanganyikiwa. Nikawa nazunguka nalia, naokota huyu, namweka yule.

Bi Zuhura hakupiga kelele. Alichukua maboksi yale waliyokuja nayo, akaanza kuwaokota, nami nikamfuata. Tukawajaza sebuleni, hata chumbani kwake. Wengine walinifia mikononi. Waliopona walikuwa wengi kuliko waliokufa, namshukuru Mungu, lakini mimi moyoni nilikuwa nimeshafunga mizigo ya kwenda Kurui.

Tulipomaliza, nikapiga magoti kumwomba radhi.

"Ulidhani mimi nimekaa bure?" akaniuliza. "Nilikuwa nasubiri, Rukia. Kusubiri nako ni kazi, tena inachosha kuliko kubeba kuni. Haya, inuka. Sakafu ikipoa tunawarudisha, na moto utauwasha wewe."

"Mimi tena, mama?"

"Wewe. Halafu utakuja kukaa hapa na mimi, na hiyo mikono uikalie."

Nikaikalia, mwanangu. Sijapata kufanya kazi iliyonitoa jasho kama ile. Kila nilipotaka kuinuka, yeye ananitazama tu, nami najirudisha chini. Vifaranga wale wakakua, banda likabaki wazi, na Kurui nikawa naenda kusalimia.

Basi wewe uliyepeleka posa juzi, na kila saa unataka kutuma mtu akaulize, nisikilize. Yapo mambo yanayojibu papo hapo, hayo yakimbilie. Mengine jibu lake linapita chini, hulioni: moyo wa mchumba, malezi ya mtoto, msamaha wa mtu uliyemkosea. Ukishatia kinachotosha, acha. Usiongeze ili kutuliza wasiwasi wako, maana ukizidisha hutaweza kukitoa, na atakayeungua si wewe, ni yule unayempenda.

Mungu akupe nguvu ya kutenda, na akupe nguvu kubwa zaidi ya kukaa kimya ukishatenda. Akujaalie mke atakayekuja kwako kwa hiari yake, bila kusukumwa. Amina, mwanangu.