Mashine ya Magoti ya Mama Mkwe

Watu wa Garissa, msiniletee huu ujinga tena!

Mimi ni fundi wa redio na simu. Leo jamaa amekuja na transfoma ya redio mbovu, waya zimening'inia na plagi mwishoni, anataka nimalizie kuziunganisha.

Nikamuuliza, ya nini? Akaninong'oneza: "Ya chumbani, ya kusisimuana mimi na bibi. Nimejifunza kwa simu."

Wallahi, waya za stima ya ukutani, kwa mwili wa mtu!

Nikapandisha sauti: "Hii inaua! Rudia, ni ya nini?"

Wateja wote wakageuka. Akapayuka: "Ya magoti ya mama mkwe wangu!"

Mama wa niqabu kwenye benchi akainua kichwa.

"Warya, wewe kijana, magoti yangu haina shida."

Jamaa akatoka mbio, mashine akaiacha mezani.

Sasa wewe uliyekimbia, plagi nimeikata. Mama mkwe bado amekaa hapa. Anauliza ulitaka kumpiga nani stima.