Spika ya Baba Wakesho Ilikuwa Sanduku Tupu

Hadi saa hii kichwa changu kimekataa. Mwadime, Baba Wakesho wa Werugha, ameenda. Wiki iliyopita Jumatatu tulikuwa tunabishana kwa simu kuhusu santuri iliyojikunja kwa jua. Jumanne asubuhi namba yake ikaingia tena, nikadhani anataka kumalizia ubishi. Alikuwa mkewe.

Hii si post ya mishumaa. Mishumaa mmeshaweka ya kutosha kwenye group, na wengine wenu mmeiweka huku simu zangu hamshiki. Someni mpaka mwisho.

Kwa wasiomjua: alikuwa lab technician wa shule, amestaafu, na ndiye aliyetukusanya sisi wagonjwa wa redio za zamani na santuri, kuanzia Wundanyi mpaka Voi. Ukiharibikiwa na kitu unaandika kwenye group. Kabla hujamaliza kulalamika, anajibu neno moja: "Ninayo."

Hakuwahi kukosa. Hakuwahi kumuuzia mtu hata msumari.

Kilonzo, mwenye hardware pale Voi, amplifaya yake ilikufa wiki ya Krismasi, wageni wako njiani. Baba Wakesho akateremka mlima na valvu nne, zile taa za kioo zinazowaka ndani, amezifunga kwenye soksi za sufu na kuzipakata kama mayai. Kilonzo akamuuliza, "Na wewe utabaki na nini?" Akajibiwa, "Iko mingi nyumbani. Weka tuone."

Ochieng wa reli, panya walimtafunia spika. Siku ya pili alipata nyingine, imetumwa ndani ya gunia la kabeji. Aliambiwa arudishe gunia peke yake.

Mimi nilivunja sindano ya player ya marehemu baba yangu nikipanguza vumbi. Nililia, sioni haya kusema. Akaniletea sindano mpaka kazini, kwenye stoo ya shamba la mkonge. "Hiyo ni spare, Mkamburi. Wacha kulia kwa stoo ya watu."

Shukrani alikuwa hataki. Ukishafunga kifaa alitaka kitu kimoja: umpigie simu, uiweke karibu na spika, asikilize. Upande mmoja mzima, kisha umgeuzie wa pili. Ukikata mapema, ananuna siku mbili. Tulimcheka. Ochieng alisema mzee anafanya quality control.

Juzi nilipanda Werugha. Mama Wakesho akanipa chai, akaniambia marehemu aliacha neno moja tu kuhusu mazishi yake: asiletewe DJ na maspika ya kutikisa kifua. Kabla ya jeneza kushushwa, ipigwe santuri ya kwaya aliyoimba akiwa kijana, kwa mashine yake mwenyewe. Santuri ipo, haina hata mkwaruzo. Akaniomba niijaribu mashine.

Nikafungua amplifaya. Matundu manne, hakuna valvu.

Nikainua mkono wa player. Hauna sindano.

Nikatoa kitambaa cha kufuma kilichofunika spika, ambacho sisi sote tumewekea vikombe juu yake. Nyuma yake, shimo. Sanduku la mbao tu, na ndani alikuwa ametunza viazi vya mbegu.

"Kwani mlidhani hizo vitu zilikuwa zinatoka wapi?" Mama Wakesho aliniuliza, na hakuuliza kwa upole. "Hapa hakuna kitu imelia toka mwaka juzi. Yeye alikuwa anasikiza kwenu. Anakaa hapo kwa kiti, simu kwa sikio, anapiga mguu chini."

Mimi ni storekeeper, jamani. Kazi yangu ni kujua kitu kimetoka wapi na kimebaki kingapi. Mzee sikumuuliza hata mara moja.

Sasa nyinyi. Mazishi ni Jumamosi hii, saa nne.

Ochieng, wewe matusi yangu hayakuhusu. Nilipokueleza ulisema tu, "Ngoja nitafute bisibisi." Spika imeshafika Werugha, umeileta mwenyewe.

Kilonzo. Nimekupigia mara sita. Ulishika mara moja ukaniambia, "Dada, mtu akishapeana amepeana. Na hizo valvu zikibebwabebwa zitavunjika." Zilishuka mlima ndani ya soksi na hazikuvunjika! Kisha ukaenda kwenye group ukaandika, "Tumepoteza mtu wa watu." Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau haandiki tanzia. Toa mshumaa, lete valvu. Kesho asubuhi nitakuwa dukani kwako mbele ya wateja, na mdomo wangu unaujua.

Na wewe, Baba Wakesho, usidhani umeponyoka kwa kuwa umelala. Nimekukasirikia kuliko Kilonzo. Ungesema mara moja tu, "Sina." Ni neno fupi na halina aibu. Ulitunyima nafasi ya kuwa watu wazuri, ukabaki nayo peke yako.

Leo nimetoa sindano kwenye player ya baba, nikaifunga kwa pamba. Sebule ikanyamaza. Nikakaa hapo nikimsikiliza jirani akipasua kuni, nikajiuliza: ungeniomba sindano hii mwaka jana, ukiwa mzima, unacheka, ningekupa? Nikajiuliza tena. Jibu langu silipendi. Nadhani wewe ulilijua, ndiyo maana hukuomba.

Lala salama, mwongo wewe. Sindano yako naileta.