Maziwa Mabichi ya Mbulu

Homa ilinianza wiki ya tatu baada ya kurudi Thamesmead, huku London, kutoka nyumbani Mbulu. Ilikuja jioni, ikalowesha shuka, asubuhi ikaniacha nikidhani nimepona. Dada yangu, ninayeishi kwake, anafanya kazi ya kutunza wazee. Akanipeleka kliniki. Walipima malaria, hamna. Wakatoa damu nyingine, nesi akaniuliza kama nilikaribiana na wanyama.

"Hapana," nikasema.

Niliogopa. Nilidhani nikitaja ng'ombe wataifunga nyumba na dada atazuiwa kwenda kwa wazee wake.

Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi, nikihama chumba hadi chumba katika mji huu, nilikuwa naota maziwa ya boma la kaka. Kwetu mgeni wa mbali hapewi maziwa yaliyochemshwa; hayo ni ya wagonjwa. Nikanywa mabichi asubuhi na jioni. Siku moja nilisaidia kumvuta ndama aliyezaliwa mfu, mikono mitupu. Alikuwa wa pili mwezi ule. Mke wa mtoto wa kaka, mjamzito wa miezi sita, tulikunywa naye kibuyu kimoja. Mimi mwenyewe ndiye niliyemjazia kikombe. "Kunywa, mama, mtoto apate nguvu."

Kituoni, tukingoja basi, dada aliniangalia.

"Kaka, mimi nimekulia boma hilohilo. Unamdanganya nani?"

"Watakusimamisha kazi."

"Kwani wazee wangu wanakunywa maziwa yako? Yule binti mjamzito je? Anakunywa mpaka leo."

Tukarudi kliniki. Nilimweleza nesi yote, maziwa na ndama. Hakunigombeza. Kabla sijamaliza alishapiga simu maabara, kuwaonya wanaoshika damu yangu wajikinge. Kumbe kwa uongo wangu kuna mtu nisiyemjua angeweza kuugua.

Tulipofika nyumbani nikampigia kaka, nikamwambia naumwa, huenda ni yale maziwa.

"Mzungu wetu!" akacheka. "Umeugua maziwa? Si ulikuwa unanyonya kama ndama!"

"Kaka, sikiliza. Wanahofia nimepata homa ya ng'ombe, ile inayowafanya watupe mimba. Chemsheni maziwa. Ndama akifa msimshike mikono mitupu. Bwana mifugo alikuja?"

"Ana kata nne na pikipiki isiyo na mafuta. Alisema atakuja."

"Na zahanati wanajua habari za ndama?"

"Wajue kwa nini? Wao wanatibu watu."

Zahanati na ofisi ya mifugo ziko uwanja mmoja. Nilipita katikati yake mara ngapi! Hata mimi sikuwahi kufikiri kwamba ndama mfu ni habari ya nesi.

"Nipe huyo binti."

Akaja kwenye simu. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Umekunywa maziwa leo?"

"Hapana. Leo hayapiti kooni. Mgongo unaniuma tangu juzi, na jioni nasikia baridi sana."

Dada, aliyekuwa amesimama karibu yangu, akaninyang'anya simu. Alimuuliza kama anaona damu, kama mtoto anacheza. Nilijaribu kusoma majibu usoni mwake, nikashindwa.

"Mpe baba mkwe," akasema mwishowe. Kaka alipopokea, dada hakumpa nafasi ya utani. "Kaka, tafuta gari sasa hivi. Hospitali ya wilaya, si zahanati. Na ukifika, anza kuwaambia habari za ndama, kabla hawajauliza."

Kaka hakucheka. Tulimsikia akiita watu uani.