Hodi Tatu kwenye Waifai ya Masoko

Rehani binti Abdurahmani hatumii kitu cha wizi, hata pale ambapo wizi wenyewe hauonekani kwa macho. Ndiyo maana kompyuta yake ni ngeni kwa watu wengi wa Lindi. Alipoipata ilikuwa kuukuu na tupu, na fundi mmoja wa mjini alitaka kumwekea ule mfumo unaotumika maofisini kote, nakala isiyo na kibali.

"Kila mtu anayo hii, dada," fundi alimwambia.

"Kila mtu si hoja," Rehani akajibu, akachukua kompyuta yake akaondoka.

Akaweka Linux, mfumo ambao waliouunda waliutoa bure kwa ridhaa yao, akajifunza kuuendesha kwa kukosea na kurudia. Wenzake katika redio ndogo ya jamii anakofanyia kazi walimcheka, na wanamcheka hadi leo. Wakikwama, hata hivyo, wanajua meza ya kwenda.

Ni mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Mingoyo, binti wa wakulima wa korosho. Redioni amepewa kipindi cha salamu cha kila Alhamisi alasiri. Wapo wanaodharau vipindi vya salamu na kuviita vya watu wasio na kazi. Wamekosea. Mtu akishataja jina la ndugu yake mbele ya mkoa mzima, hana tena njia ya kujifanya amemsahau.

Alhamisi moja Rehani alikuwa Kilwa Masoko, akitokea kisiwani Songo Mnara kumrekodi Bibi Samia. Bibi huyo ana kaka yake, Mzee Yassin, aliyehamia Nyangamara ujanani kufuata mke na mashamba. Leo hakuna kati yao anayeweza safari: dada magoti yamekataa, kaka kifua. Basi dada alituma salamu, na wimbo ambao mama yao aliwaimbia akitwanga. Nyangamara walikwisha kupewa taarifa. Mzee angewekwa karibu na redio alasiri ile, na waliomuuguza hawakuthubutu kumwahidi mtu Alhamisi nyingine. Rehani aliushika mkono wa Bibi Samia akamwambia, "Leo atakusikia." Baada ya neno kama hilo mtu muungwana hana mjadala tena.

Kwenye kushuka botini simu yake ilitumbukia baharini. Sauti ya bibi ilikuwa salama ndani ya kompyuta, lakini ilibidi ifike studio Lindi, na siku hiyo laini za simu pale Masoko zilipitisha maongezi tu. Intaneti ilikuwa imelala tangu asubuhi. Mahali pekee palipokuwa na mtandao ni nyumba moja ya wageni yenye dishi lake juu ya bati.

Mapokezi alimkuta Stefania, mama wa Kimakonde mwenye sauti nzito, anakata vitunguu juu ya meza ya wageni.

"Waifai ni ya kila anayekunywa chai hapa," Stefania alisema. "Neno la siri lile ukutani. Ukishajiunga utaletewa ukurasa, unaandika jina, unakubali masharti, unaendelea na mambo yako."

Rehani akaagiza chai, akamweleza Stefania habari ya Mzee Yassin, akajiunga. Kompyuta ikasema imeunganishwa. Ukurasa haukuja. Akafungua tovuti moja, akaambiwa haijulikani ilipo. Akajitoa, akajiunga upya, akajaribu tovuti nyingine. Vilevile. Akaizima mashine, akaiwasha, akajaribu tena. Kimya.

Akafunga kifuniko.

"Mbona unafunga?" Stefania aliuliza.

"Nimepiga hodi mara tatu. Mwenye nyumba hajaitika. Adabu inasema niondoke."

Hakuwa anatania. Alilelewa hivyo, kama wengi wetu: hodi ya tatu isipojibiwa unageuka, huchungulii dirishani. Kwa nyumba za watu ni adabu njema kabisa. Kwa mashine ilikuwa kosa, ila kosa la mtu aliyelelewa vizuri.

Pembeni alikaa Ridhiwani, dereva wa bodaboda anayejua pia kufungua simu za watu, kidole hakitoki kwenye kioo cha simu yake. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Dada yangu, hiyo ni waifai, si nyumba ya mama mkwe. Lete hilo faili hapa kwangu. Mimi nimo ndani toka juzi."

"Umeingiaje? Wewe chai hunywi, nakuona na maji yako."

"Kuna mgeni wa chumba cha mwisho. Kila simu ina namba yake ya utambulisho, si ndiyo? Nimeivisha yangu namba hiyo ya simu yake. Mtandao unaniona ni yeye." Akainua simu. "Hata hiyo yako ya Linuksi naivisha sasa hivi. Dakika haiishi."

"Stefania, unamsikia?"

"Namsikia," Stefania alisema bila kuinua kisu. "Kumbe ndiyo maana mgeni wangu analalamika mtandao mzito. Ridhiwani, leo utanunua chai, tena na chapati."

Rehani akamgeukia Ridhiwani. "Ukiulizwa mlangoni wewe nani, unataja jina lako. Hutaji la jirani."

"Hata kwa ajili ya mzee mgonjwa?"

Swali lilikuwa zito. Watu wengi huacha misimamo yao hapo hapo, pale jambo jema linapowekwa mbele ya njia mbaya. Rehani akaomba simu ya Stefania, kitochi cha vibonye, akampigia mwenzake Francis aliyekuwa studio.

"Francis, nikikuchezea wimbo kwenye simu utaweza kuurusha?"

Akausogeza mdomo wa simu kwenye spika ya kompyuta. Francis alisikiliza kidogo tu.

"Dada Rehani, huyo bibi anaimba au anazama? Sauti kama imo ndani ya mtungi. Mzee hawezi kumtambua. Nakusubiri, lakini kipindi hakinisubiri mimi."

Rehani alirudisha simu. Stefania akamtazama, akapangusa machozi ya vitunguu kwa mgongo wa mkono.

"Hiyo hodi yako," alisema, "umeipiga mlango gani? Maana hapa wapo wanaokwenda kugonga dirisha la nyuma, huku jikoni. Mimi niko mbele, nitamsikiaje? Halafu ananuna eti hajakaribishwa."

Rehani akaweka kikombe chini. Kisha akafungua kifuniko.

Swali lilikuwa jipya na lilimvuta. Mashine yake ikitaka tovuti, humuuliza nani njia? Kwanza akatafuta kwenye mipangilio namba ya kile kisanduku cha intaneti cha pale nyumbani, mwenyeji mwenyewe. Akaiandika namba hiyo tupu kwenye kivinjari, bila jina la tovuti yoyote. Ukurasa ukaja, lakini nusu: neno "Karibu" juu, chini peupe, hakuna pa kuandika jina wala kitufe.

"Ametoa kichwa dirishani," Stefania alisema, sasa amesimama nyuma yake na kisu chake.

"Yupo, basi," alisema Rehani. "Namba yake naiona. Kinachonishinda ni majina: mashine haipati namba za tovuti." Akashuka mstari kwa mstari kwenye mipangilio, akasimama. "Aa. Ni mimi mwenyewe."

Aliwahi kufundishwa kwamba mitandao ya barazani, inayotumiwa na kila mpitaji, inaweza kumpeleka mtu kwenye kurasa za uongo. Kwa hiyo aliiagiza mashine yake isimuulize mwenyeji yeyote njia, bali imuulize msaidizi mmoja wa mbali anayemwamini, kwa siri. Tahadhari nzuri. Lakini mtandao wa pale haumruhusu mtu kufika mbali kabla hajajitambulisha. Mashine ilikuwa inamwita mtu wa ng'ambo, nje ya lango lililofungwa, na mwenyeji aliyesimama karibu hajaulizwa lolote.

"Kwa hiyo zile hodi tatu?" Ridhiwani aliuliza. Alikuwa ameiweka simu yake mezani, amesogea.

"Hazikupigwa hapa. Hazihesabiki."

Akaiondoa ile amri, akajitoa, akajiunga tena. Akachagua tovuti ya zamani isiyo na ile alama ya kufuli, kwa sababu yenye kufuli haikubali mtu mwingine aitikie kwa niaba yake, hata akiwa mwenye nyumba. Ukurasa mzima ukaja, na mahali pa jina. Akaandika: Rehani Abdurahmani. Kisha akaanza kusoma masharti.

"Dada, hayo hayasomwi na mtu," Stefania alisema.

"Nitakubalije nisichokijua?"

"Mzee Yassin anakusubiri, na wewe unasoma."

Alisoma yote. Yalikuwa mafupi. Akabonyeza kitufe, mtandao ukafunguka, akairudisha tahadhari yake kama ilivyokuwa, na wimbo wa Bibi Samia ukaanza kwenda Lindi. Msikiti wa jirani ulikuwa unaadhini alasiri wakati Francis alipopiga kwenye kitochi kusema ameupata.

Stefania aliwasha redio ya mapokezi. Ridhiwani alikwisha kumfuata mgeni wa chumba cha mwisho kumwomba radhi, akarudi ameinamisha kichwa, akaagiza chai bila kukumbushwa. Sauti ya bibi ikatoka, safi, na pumzi zake zote: "Yassin, ni mimi Samia, mdogo wako." Halafu wimbo wa kutwanga, beti zote.

Wimbo ukaisha. Kitochi kikaita. Francis tena.

"Wamepiga kutoka Nyangamara," alisema. "Mzee amesikia."

"Amesema nini?"

"Amesema bibi amekosea ubeti wa pili. Kauimba mwenyewe kwenye simu ili dada arekebishwe, anakohoa anaendelea. Nimemrekodi. Anataka dada yake asikie usahihi wake."

Rehani alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akamwambia Francis autume wimbo huo huku huku, kwa sababu sasa yeye mlango anaujua. Kisha akamuuliza Stefania kama kuna chumba, na kama kesho kuna boti ya kwenda Songo Mnara.