Maiti Aliyepumua

Okbun ameuza tofu, ile jibini nyeupe ya soya, sokoni kwetu miaka arobaini, na mkono wake haujawahi kutetemeka. Lakini Jumamosi ile, kwenye ukumbi wa wazee, alishindwa hata kumenya kiazi kitamu.

"Nilipumua, dada," alininong'oneza. "Yule mpelelezi aliponifunua shuka, nilipumua."

Wiki mbili nyuma watu wa televisheni walikuja kupiga picha za tamthilia yao ya mauaji kando ya bwawa letu, wakamchukua awe maiti. Msimamizi wao alimwonya mapema: maiti anayepumua haitwi tena kuigiza. Na Okbun alitaka kuitwa tena kuliko anavyotaka meno mapya.

Tamthilia yenyewe niiseme kwa haki. Mwanzo wake moto. Sehemu sita za kwanza, mbwa wangu hakubweka, na Malsun wa nyumba ya pili alikuwa akienda chooni na jembe mkononi. Wale watu wanajua kukutisha kwa mlango tu, unafunguka taratibu, basi, roho iko kooni. Lakini kuanzia ya saba, uji uliingia maji. Muuaji tumeshamjua sote, isipokuwa polisi. Mpelelezi kila ghala bovu anaingia peke yake, simu mfukoni, mvua inanyesha.

"Mwite mwenzio, zuzu we!" Malsun humfokea. Hasikii.

Pale ukumbini, sehemu ya kumi ikaanza. Okbun akanishika mkono, kucha zikazama. Bwawa likaonekana. Mpelelezi akainama, akafunua shuka. Uso wa Okbun, mweupe kama tofu yake mwenyewe. Tukaacha kutafuna. Hapo tumbo likapanda, likashuka.

Okbun akafumba macho.

"Yu hai!" Malsun akaruka, akalikanyaga bakuli la kimchi, kabichi yetu ya pilipili. "Jamani, Okbun yu hai! Muuaji hakummaliza!"

"Si nilisema mimi!" akadakia mwingine, ambaye hakuwa amesema kitu.

Kesho yake nchi nzima ilibishana kama yule maiti yu hai au la. Hata kuku wangu waligawanyika, saba huku, watano kule. Siku mbili Okbun hakuuza tofu. Alikaa anaitazama simu kama mtu anayemtazama nyoka.

Sasa, tamthilia zetu huandikwa huku zinaonyeshwa, na mwandishi wa hii alikuwa ameishiwa visa kitambo. Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa msimamizi.

"Mama, uje Alhamisi."

"Nije kufa tena?"

"Hapana, mama. Wewe hukufa. Utaamka umtaje muuaji. Una kurasa tatu za kusema."

Nilidhani atacheza kwa furaha. Wapi! Alinijia na makaratasi yake, midomo imemkauka.

"Dada, kufa nilikuwa nakuweza. Hii ya kusema nitaiwezaje? Nikisahau je?"

"Ukisahau," nikamwambia, "wewe pumua tu. Mengine nchi itayasema."

Hakucheka. Alirudia mstari wa kwanza mpaka kiazi changu kikaungua.